MAMBO YA NYUMBANI: Mama Asiyeumwa Apimwe Nini?

Koplo mmoja aliye katika kambi ya kaskazini ametuletea barua yenye swali ambalo nadhani linaulizwa katika nyumba nyingi za askari. Mke wake ana mimba ya majuma 12. Ni mimba ya pili. Ile ya kwanza iliingiwa na kifafa katika mwezi wa saba, mtoto akafa, na mama mwenyewe akaokolewa kwa shida. Safari hii bibi huyo hakungoja tumbo lionekane. Alikwenda kliniki mapema, mkunga akazisikiliza habari zake tangu mwanzo, akampima presha, kisha akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa ili akapimwe mishipa ya damu ya mji wa mimba kwa mashine ya Doppler. Koplo anasema mke wake haumwi kitu: anakula, analala, analima bustani yake nyuma ya nyumba. Nauli ya kwenda na kurudi si ndogo, na mama mkwe anashikilia kwamba mashine hizo humchoma mtoto tumboni. Basi anauliza kama mkunga yule ana sababu, au ni usumbufu tu wa watu wa hospitali.

Jibu fupi ni kwamba mkunga ana sababu, tena sababu nzuri, na bibi huyo aende juma hili, asingoje mwisho wa mwezi. Jibu refu ndilo hili lifuatalo, maana naamini kwamba mtu akilielewa jambo hulitenda kwa moyo kuliko akiamrishwa, hata kama mtu huyo ni askari.

Ugonjwa unaohofiwa hapa madaktari huuita priklampsia. Sisi watu wa kawaida twaujua zaidi kwa mwisho wake mbaya, yaani kifafa cha mimba. Huanza kwa kawaida baada ya juma la 20. Presha hupanda ikafika 140 kwa 90 au kupita hapo, figo huanza kuvujisha protini katika mkojo, na pengine ini, ubongo na damu yenyewe huingia matatani. Katika kila wajawazito mia moja duniani, wawili hadi wanane hupatwa nao. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba magonjwa ya presha ya mimba huleta karibu kifo kimoja katika kila vifo saba vya akina mama wazazi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba huja kimya. Mama aweza kuwa na presha ya kuua asijisikie chochote ila uzito wa kichwa, naye akadhani ni jua au uchovu wa kuchota maji. Siku anapoanguka akitupa mikono na miguu, majirani husema amepandwa na mashetani, na saa mbili tatu hupotea kwa mganga wakati ambapo gari lingalikwisha kufika hospitali.

Ingawa ugonjwa huonekana mwezi wa sita, wa saba au hata wa tisa, aghalabu mbegu yake huwa imekwisha pandwa zamani. Katika ukuta wa mji wa mimba mna mishipa midogo ya damu iliyojikunja kama springi. Kabla ya mimba mishipa hiyo ni myembamba, nayo ina misuli ya kuikaza. Mimba inapotunga, chembe za kondo la nyuma huingia katika kuta za mishipa hiyo, huiondoa ile misuli, na kuifanya iwe mipana, isiyoweza kukazwa tena. Ni kama watu wa kijiji wanaochukua majembe wakakipanua kijito chembamba mpaka kikawa mfereji wa kunyweshea mashamba yote. Wataalamu Brosens, Robertson na Dixon waliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1967, na tangu hapo yamechunguzwa sana. Kazi hiyo huendelea kwa majuma mengi ya mwanzo na huwa imemalizika karibu na juma la 20. Ikifanyika sawasawa, damu humiminika kwa wingi na kwa upole, na mimba inapokomaa huzidi nusu lita kwa dakika.

Kwa akina mama wengine kazi hiyo huishia njiani. Mishipa hubaki myembamba, damu hupenya kwa nguvu na kwa kukatika, na kondo la nyuma hukosa riziki yake. Kondo lenye njaa humwaga ndani ya damu ya mama vitu vinavyoharibu utando wa ndani wa mishipa ya mwili mzima, na hapo presha hupanda. Ndiyo sababu ugonjwa wenyewe hauondoki mpaka mtoto na kondo lake watoke. Dawa nyingine zote ni za kumkinga mama asidhurike zaidi na kumpatia mtoto muda.

Sasa, ikiwa kasoro imo katika mishipa tangu mwezi wa tatu, je, yawezekana kuitambua katika mwezi huo huo wa tatu, mama akiwa bado mzima kabisa? Hii ndiyo kazi ya Doppler.

Wasomaji wetu wa kikosi cha usalama barabarani wanaijua mashine hii bila ya kujua kwamba wanaijua. Kile chombo kinachoelekezwa kwenye gari linalokuja, ili kujua mwendo wake, hupeleka mawimbi yasiyoonekana. Mawimbi hupiga bati la gari na kurudi. Gari likiwa linakuja, mawimbi yanayorudi huwa yamesongamana. Likiwa linakwenda zake, huwa yametanuka. Chombo hulinganisha kilichotoka na kilichorudi, kikatoa idadi ya kilomita kwa saa, na dereva akaanza kujitetea. Hata masikio yetu huliona jambo hili: gari lenye king'ora linapokujia mlio wake huwa mkali, na mara tu linapokupita mlio hushuka, ingawa aliye ndani hakugusa kitu.

Aliyelieleza jambo hili kwanza ni Christian Doppler, mwalimu wa hesabu Mwaustria, mjini Prague mwaka 1842, naye alikuwa akifikiri juu ya rangi za nyota, si juu ya wajawazito. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta katika gari moshi karibu na Utrecht, akawaweka wanamuziki wenye masikio mazuri kando ya reli wasikilize jinsi sauti inavyobadilika gari likipita. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba somo lisilo na kitu cha kusikia wala kushika halikai kichwani mwa mwanafunzi, na sijapata kusoma habari ya somo lililofundishwa vizuri kuliko hilo.

Kuleta mawimbi ya sauti katika matibabu ya uzazi ni kazi ya baadaye. Ian Donald, daktari wa Glasgow ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika jeshi la anga la Uingereza na kuzoeana na rada, alitoa pamoja na wenzake mwaka 1958 maelezo ya kutazama tumbo kwa mawimbi hayo. Mwaka 1983 Stuart Campbell na wenzake huko London walionyesha kwamba damu inayokwenda kwenye mji wa mimba na kondo yaweza kupimwa kwa Doppler. Badala ya gari, kinachopimwa mwendo ni chembe nyekundu za damu. Na badala ya mawimbi ya redio, hutumika sauti nyembamba mno. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde, lakini mashine hii hutoa mamilioni.

Bibi hulala chali, hupakwa jeli ya baridi chini ya kitovu, na mpimaji huteleza na kifaa chake pembeni mwa tumbo la chini, kulia kisha kushoto, akiitafuta mishipa miwili mikubwa inayoingiza damu katika mji wa mimba. Kwenye kioo huonekana vilima vimepangana, kila pigo la moyo kilima kimoja. Kilele ni wakati moyo unaposukuma; bonde ni wakati moyo unapopumzika. Mishipa iliyofunguka vizuri huwa na mabonde yasiyoshuka sana, kwa sababu damu huendelea kutembea hata moyo ukipumzika. Mishipa iliyobaki myembamba hutoa vilima vyenye ncha kali na mabonde yanayozama. Mpimaji hutoa namba kwa hesabu rahisi: mwendo wa kileleni, ukitoa mwendo wa bondeni, halafu ukagawanya kwa mwendo wa wastani. Namba ya kulia na ya kushoto hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Mimba ikiwa ya majuma 11 hadi 14, kipimo kikifanywa juu ya tumbo, akina mama watano tu katika kila mia huzidi 2.35. Kufikia juma la 23 mpaka huo hushuka hadi 1.44, maana kwa wakati huo mfereji wapaswa kuwa umekwisha kuchimbwa.

Na mama mkwe je? Asidharauliwe, kwa kuwa ameuliza jambo la maana. Mashine hii haina miali ya eksirei. Ni sauti tu. Hata hivyo sauti ya Doppler ina nguvu kuliko ile ya kupiga picha ya kawaida, na kanuni ya wataalamu ni kwamba katika miezi mitatu ya mwanzo isielekezwe kwa mtoto mwenyewe bila ya sababu, tena isikae muda mrefu. Mishipa tunayoizungumzia hapa iko pembeni, na mtoto hayumo katika njia ya mawimbi. Kwa hiyo akapimwe bila ya hofu, lakini asimwombe mpimaji amwelekezee mashine mtoto kwa dakika kadhaa ili wafurahie kusikia moyo. Furaha hiyo ina wakati wake.

Hapa pana mchanganyiko unaowapoteza wengi. Jina la Doppler hutumika kwa vitu vitatu mbali mbali. Kuna kile chombo kidogo cha mkononi ambacho mkunga husikilizia moyo wa mtoto. Hicho hakielezi lolote juu ya mishipa ya mji wa mimba. Kuna Doppler ya kitovu cha mtoto, ambayo hupimwa mimba ikiwa kubwa ili kujua kama mtoto anapata damu ya kumtosha. Kwa kazi hiyo Afrika Kusini ilibuni kifaa kidogo kiitwacho Umbiflow, na wenzetu wa Rwanda na Kenya wameshiriki katika kukichunguza. Na kuna hii ya mishipa ya mji wa mimba, inayotazama hatari ya mama kupata priklampsia. Mtu akisema amekwisha pimwa Doppler, muulizeni ni ipi.

Sasa tufike mahali ambapo watu huvunjika moyo. Namba kubwa si ugonjwa. Akina mama wengi wenye namba kubwa huzaa salama, na wengine wenye namba nzuri hupatwa. Hasa ule ugonjwa unaotokea mwishoni kabisa mwa mimba, mara nyingi mishipa hiyo haikuonyesha kasoro yoyote. Doppler peke yake ni shahidi dhaifu. Hupata nguvu akisimama pamoja na mashahidi wengine. Profesa Kypros Nicolaides na wenzake wa London waliunganisha vitu vinne katika majuma 11 hadi 14: historia ya mama, presha yake, Doppler ya mishipa hii, na kipimo cha damu cha protini moja itokayo katika kondo. Kwa njia hiyo, wakikubali kuwatahadharisha bure akina mama kumi katika mia, huwatambua mapema karibu robo tatu ya wale ambao ugonjwa ungewalazimisha kuzaa kabla ya juma la 37. Wale wa kupatwa baada ya juma hilo, hutambuliwa pungufu ya nusu.

Kumtambua mtu na kumwacha akae na hofu si matibabu. Thamani ya kipimo hiki ilionekana wazi mwaka 2017, yalipotangazwa matokeo ya utafiti uitwao ASPRE, uliofanywa katika hospitali za Uingereza, Hispania, Italia, Ubelgiji, Ugiriki na Israel. Walipimwa kwa njia ya namna hiyo akina mama zaidi ya 25,000. Katika walioonekana kuwa hatarini, 1,776 waliingizwa katika utafiti. Wengine walipewa aspirini miligramu 150 kila usiku tangu majuma 11 hadi 14 mpaka juma la 36, na wengine kidonge kisicho na dawa, pasipo wao wala madaktari kujua nani anameza nini. Katika waliomeza kidonge kitupu, 43 kwa kila elfu walipatwa na priklampsia ya kabla ya juma la 37. Katika waliomeza aspirini, ni 16 kwa kila elfu. Dawa hiyo haikupunguza ugonjwa unaokuja baada ya juma la 37, lakini ule wa mapema ndio unaoua zaidi na kuzalisha watoto wasiotimia, na huo ndio uliokatwa kwa zaidi ya nusu.

Angalieni tarehe, si dawa tu. Aspirini hufaa zaidi ikianzwa kabla ya juma la 16, wakati chembe za kondo zingali zikifanya kazi ndani ya mishipa. Mama anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na miezi sita, kama ilivyo desturi katika laini zetu nyingi, hata apimwe kwa mashine bora kuliko zote duniani, ataambiwa habari ambayo muda wa kuitumia umepita.

Na hapa nina neno la pekee kwa Koplo, ambalo pengine hakulitarajia. Mke wake, kwa habari aliyotupa, amekwisha kuwa katika kundi la hatari hata kabla ya kupanda basi. Mama aliyewahi kupata priklampsia, na hasa ikaja mapema, huhesabiwa kuwa hatarini kwa historia yake tu, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza akina mama wa namna hiyo waanzishiwe aspirini ndogo, miligramu 75, kabla ya juma la 20. Doppler itaongeza maarifa. Itamsaidia daktari kujua ni kwa kiasi gani amfuatilie kwa karibu. Lakini ikiwa nauli haipatikani juma hili, au mashine imeharibika, au mpimaji yuko likizo, karatasi ya mashine isiwe kizuizi cha kidonge. Arudi kwa mkunga kesho, aombe kuonana na daktari au mganga msaidizi, na aeleze habari ya mimba ya kwanza neno kwa neno. Majuma manne si mengi.

Asinunue aspirini dukani na kujitibu. Vidonge vya kutuliza maumivu viuzwavyo madukani aghalabu vina miligramu 300, na mtu mwenye vidonda vya tumbo, au anayevuja damu, au ambaye mwili wake huikataa aspirini, aweza kudhurika. Daktari ndiye atakayechagua kipimo na kusema ni lini aache.

Wala nisieleweke kwamba kila mjamzito akimbilie Doppler. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2016 kwamba Doppler haipendekezwi kuwa kipimo cha kawaida cha wajawazito wote. Linalopendekeza kwa wote ni picha moja ya mawimbi ya sauti kabla ya juma la 24. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha madaktari wa uzazi, FIGO, kilitoa shauri linalofaa sana kwa nchi kama zetu: mahali ambapo vyombo ni haba, mama wote waulizwe historia na wapimwe presha, kisha Doppler na kile kipimo cha damu viwekewe wale walioonekana kuwa na wasiwasi zaidi. Naliona shauri hilo kuwa la busara, maana mashine inayokaa ikipima watu wasioihitaji huwanyima nafasi wanaoihitaji.

Hata hivyo mashine si jambo la London peke yake. Hapa Uganda, wilayani Kamuli, kituo cha afya cha Nawanyago kilianza mwaka 2010 kutumia mashine ya mawimbi ya sauti kwa ajili ya wajawazito wa vijijini. Katika Hospitali ya Mengo, Kampala, kuna chuo cha kufundisha wapimaji. Na kutoka Kagadi, magharibi, ilitolewa mwaka 2021 taarifa ya uchunguzi juu ya maoni ya akina mama na watumishi wa afya kuhusu kutumia Doppler katika hospitali ya shamba. Ni mwanzo mzuri, ingawa safari bado ni ndefu.

Basi ni nani azungumze mapema na mkunga? Aliyepata ugonjwa huu katika mimba iliyopita, huyo wa kwanza. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo kabla ya mimba. Mwenye mapacha. Mwenye mimba ya kwanza, na hasa kama umri wake umefika miaka 40, au ni mnene mno, au mama yake au dada yake alipatwa. Hali kadhalika aliyekaa zaidi ya miaka kumi tangu mimba ya mwisho. Hayo yote hayahitaji umeme wala jeli. Yahitaji ulimi na sikio.

Lakini ulimi huu ndio mgumu. Bibi aweza kuwa na mimba iliyopotea kabla ya ndoa hii, ambayo bwana haijui. Akiulizwa mbele ya mumewe au mbele ya wifi, atasema hii ndiyo ya kwanza, na mkunga ataandika hivyo. Nawasifu askari wanaowasindikiza wake zao kliniki. Nawasifu zaidi wale ambao mkunga anapoanza maswali husimama wakatoka nje kuota jua. Wasiulize baadaye kilichosemwa.

Kuna na jambo la uhamisho. Amri ya kuhama huja leo, lori huja kesho, na katika kufunga vyombo kadi ya kliniki hupotea pamoja na ndoo na mikeka. Kadi hiyo ndiyo yenye presha ya mwezi wa tatu, na bila hiyo mkunga wa kambi mpya hawezi kujua kama 130 ya leo ni kawaida ya bibi huyu au ni kupanda kutoka 100. Iwekwe katika mfuko mmoja na kitambulisho cha bwana. Na siku ya kupimwa, bibi asikimbie kutoka sokoni akanyosha mkono: aketi apumzike dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu haikupishana, mkono ukiwa sawa na moyo. Presha iliyopimwa mtu akitweta ni ya uongo, na uongo huo huleta matibabu yasiyohitajika au kulala salama kusikostahili.

Ugonjwa ukija licha ya yote, dalili zake ni hizi: kichwa kinachouma kisitulie, macho kuona giza au nyota nyota, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, mkojo kupungua. Dalili moja yatosha kuita gari, hata usiku wa manane. Mama akianguka, alazwe kwa ubavu wa kushoto, vitu vya kumwumiza viondolewe, asitiwe kijiko wala kidole kinywani, asinyweshwe kitu. Hospitalini kuna sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti uitwao Magpie, uliotangazwa mwaka 2002 na kuhusisha akina mama zaidi ya 10,000 wa nchi 33, ulionyesha kwamba sindano hiyo hupunguza kwa nusu hatari ya mwenye priklampsia kuingia katika kifafa. Ni dawa ya zamani, nayo si ghali.

Wengi hudhani mtoto akilia hatari imekwisha. Sivyo, kifafa chaweza kuja siku za baada ya kuzaa, mama akiwa amekwisha kurudi nyumbani na wageni wamejaa sebuleni. Presha ipimwe siku ile ile ya kuzaa, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha katika juma la pili, kisha juma la sita. Zahanati ya kambi yaweza kufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na bibi hana haja ya kupanga foleni na wagonjwa. Amwambie tu mhudumu kwamba ni mzazi.

Barua tatu nyingine zimetufikia zikiuliza kama mama anayemeza dawa za presha aweza kumnyonyesha mtoto. Hizo tutazijibu juma lijalo.